Salem, Massachusetts: mji mdogo uliomvisha bibi yangu merikani



Nilipokuwa mdogo bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alinituma dukani nikamnunulie "merikani" mikono minne. Nikamwuliza merikani ndiyo nini. Akanishangaa. "Kitambaa cheupe, mjukuu wangu, kile kisichotiwa rangi." Nikauliza tena kwa nini kinaitwa hivyo. "Kwa sababu kilikuwa kinatoka Marekani, basi. Nenda ukarudi, jua linazama." Muuza duka akanikatia kitambaa cheupe kilichofumwa hapa hapa Bongo, nami nikarudi nyumbani na swali kichwani: ni Marekani gani hiyo iliyokuwa inawavisha bibi zetu wa Pwani, tena zamani kabla hata mitumba haijafika?

Jibu nilikuja kulipata ukubwani, na nikabaki mdomo wazi. Marekani hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa mji mmoja mdogo tu: Salem, jimbo la Massachusetts. Ukiutaja mji huu kwa watu wanaoangalia sinema watakwambia "aah, kule kwa wachawi". Ni kweli, lakini huo ni ukurasa mmoja tu. Nimekusanya hapa mambo ya msingi kuhusu mji huu na watu wake, ili anayetafuta kwa Kiswahili naye apate pa kuanzia. Kama uko kafe na dakika zinakimbia, ruka uende moja kwa moja kwenye kichwa cha habari unachotaka.

MJI WENYEWE

Salem upo ufukweni mwa Atlantiki, kama kilomita 25 hivi kaskazini mashariki mwa Boston. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 44,480. Kuna kata za Dar es Salaam zenye watu wengi kuliko hao, kwa hiyo tunaposema mji mdogo tunamaanisha mdogo kweli.

Kabla Wazungu hawajafika wenyeji waliuita Naumkeag. Mwaka 1626 Roger Conant na wenzake wachache, waliokuwa wameshindwa maisha ya uvuvi pale Cape Ann, walihamia hapo. Mwaka 1629 walowezi wakaupa jina la Salem. Jina hilo limetoka kwenye Kiebrania, na mzizi wake unamaanisha amani. Ni mzizi ule ule wa Kisemiti uliotupa sisi "salama", "salamu", na Dar es Salaam yenyewe. Kwa hiyo kimajina ni ndugu. Salem ulipewa hadhi rasmi ya jiji mwaka 1836.

MWAKA 1692: WACHAWI WASIOKUWA WACHAWI

Tuanze na hili maana najua ndilo wengi mnalolitafuta.

Mwanzoni mwa mwaka 1692, katika Kijiji cha Salem (leo hii ni mji mwingine, unaitwa Danvers), watoto wawili wa nyumba ya mchungaji Samuel Parris walianza kupiga kelele, kujinyonganyonga na kusema wanachomwa na vitu visivyoonekana. Mmoja alikuwa Betty, binti yake, umri miaka 9. Mwingine ni Abigail Williams, ndugu yao waliyeishi naye. Daktari akashindwa, akasema ni mkono wa shetani. Watoto wakabanwa wataje nani anawaroga.

Walitajwa kwanza wanawake watatu: Tituba, Sarah Good na Sarah Osborne. Angalia walikuwa kina nani. Tituba alikuwa mtumwa nyumbani kwa mchungaji. Good alikuwa maskini anayepita nyumba kwa nyumba kuomba. Osborne alikuwa mgonjwa, haendi kanisani, na ana ugomvi wa mali. Yaani walianza na wale wasio na mtu wa kuwasemea. (Watu wengi wanasema Tituba alikuwa Mwafrika. Kumbukumbu za mahakama zinamwita Mhindi Mwekundu. Hilo la Uafrika limeongezwa baadaye na waandishi.)

Moto ukasambaa. Watu zaidi ya 150 walishitakiwa. Mahakama maalumu ikaundwa, ikakubali ushahidi wa ajabu kabisa: shahidi anasema "nimeona kivuli cha fulani kikinikaba usiku", na hiyo inatosha. Sasa utajitetea vipi? Wewe ulikuwa umelala kwako, lakini kivuli chako ndicho kimeshitakiwa.

Bridget Bishop alinyongwa wa kwanza, tarehe 10 Juni 1692. Hadi tarehe 22 Septemba walikuwa wamenyongwa watu 19, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, mtu wa miaka kama 80, alikataa kujibu mashitaka, wakamlaza na kumpangia mawe juu ya kifua hadi akafa. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Hapa nisahihishe jambo moja: hakuna hata mmoja aliyechomwa moto Salem. Hayo yalifanyika Ulaya.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni hili. Waliokiri kuwa ni wachawi hawakunyongwa. Walionyongwa ni waliosema ukweli, kwamba hawajui lolote. Tituba alikiri, akaongeza na chumvi, akapona. Mtu mkweli ndiye aliyekufa.

Oktoba mwaka ule ule gavana William Phips akaivunja ile mahakama. Mwaka 1697 jaji mmojawapo, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya watu huku toba yake ikisomwa. Mwaka 1711 serikali ya koloni ikawalipa fidia baadhi ya familia. Lakini kusafisha majina yote kulichukua karne tatu na zaidi: wa mwisho, Elizabeth Johnson, alisafishwa kwa sheria ya Massachusetts mwaka 2022, baada ya mwalimu na wanafunzi wake wa darasa la nane kulivalia njuga suala lake. Wanafunzi wa darasa la nane, jamani!

Kwa nini naliandika kwa kirefu? Mama yangu kwao ni Usukumani. Jirani ya bibi upande huo alikuwa mama mzee anayeishi peke yake, mjane, macho mekundu. Macho yalikuwa mekundu kwa sababu alipikia kuni kwenye kijumba kisicho na dirisha miaka hamsini. Maneno yakaanza chini chini, mtoto wa jirani alipougua yakapanda. Bahati nzuri wanawe walikuja usiku wakamchukua wakampeleka mjini. Wazee wengi wa kanda ile hawakupata bahati hiyo, na magazeti yetu yameandika vifo vyao miaka nenda rudi. Nikiisoma orodha ya Salem, mjane, maskini, mgomvi wa shamba, namwona yule mama. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba Wazungu walikuwa wajinga zamani zile. Sababu zilikuwa zile zile: woga, magonjwa, ugomvi wa mipaka, na watu wakubwa kukaa kimya.

Leo Salem unakula kupitia jina hilo hilo. Magari ya polisi yana picha ya mchawi juu ya ufagio, na mwezi Oktoba pekee wageni hupita milioni moja. Lakini kuna pia bustani ya kumbukumbu iliyozinduliwa mwaka 1992, yenye viti vya mawe, kila kimoja na jina la aliyeuawa. Na mwaka 2016 watafiti walithibitisha mahali hasa walipowanyongea, panaitwa Proctor's Ledge. Mwaka uliofuata pakajengwa ukuta wa kumbukumbu.

MABAHARIA NA PILIPILI MANGA

Baada ya Marekani kupata uhuru, Salem uligeuka mji wa mabaharia. Sensa ya kwanza ya nchi ile, mwaka 1790, iliukuta na watu 7,921 tu, na bado ulikuwa miongoni mwa miji kumi mikubwa ya Marekani. Tajiri Elias Hasket Derby alituma meli China. Kapteni Jonathan Carnes akagundua njia ya kununua pilipili manga moja kwa moja Sumatra, akarudi mwaka 1797 na faida ya kutisha. Hata nembo ya mji ina picha ya mtu wa Sumatra na mwamvuli wake, pamoja na maneno ya Kilatini yanayosema kwamba watafika mpaka bandari ya mwisho ya Mashariki yenye utajiri.

Mwaka 1799 manahodha wakaanzisha chama chao. Sharti la kuingia: lazima uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Cape Horn ukiwa nahodha au msimamizi wa mzigo. Kila mwanachama alileta vitu vya ajabu alikotoka. Mkusanyiko huo ndio mwanzo wa makumbusho ya Peabody Essex, ambayo mpaka leo ni kivutio kikubwa cha mji.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1807 serikali ikapiga marufuku biashara ya nje, mwaka 1812 ikaja vita na Uingereza, na bandari ya Salem ikawa na kina kifupi kwa meli mpya kubwa. Mizigo ikahamia Boston na New York. Wafanyabiashara wa Salem ikabidi watafute kona ya dunia ambayo wakubwa bado hawajaiona. Wakaipata. Ilikuwa kwetu.

SALEM NA ZANZIBAR

Kuanzia miaka ya 1820 meli za Salem zilianza kutia nanga Zanzibar. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alisaini mkataba na Seyyid Said kule Muscat. Wamarekani wakaruhusiwa kufanya biashara katika bandari za Sultani kwa ushuru wa asilimia 5 tu ya mzigo wanaoshusha. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 meli za kigeni 41 zilifika Zanzibar, na 32 kati ya hizo zilikuwa za Marekani, nyingi zikitoka Salem. Muingereza alikuwa na meli 7. Yaani kimji kile kilikuwa kinampiga bao Muingereza!

Mwaka 1837 Marekani ikafungua ofisi ya konseli Zanzibar, na konseli wa kwanza, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Alikuwa konseli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, akishirikiana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekuwa anakusanya ushuru wa forodha kwa niaba ya Sultani. Konseli anauza, mtoza ushuru ni mshikaji wake. Wadau mnaolalamikia dili za siku hizi, jueni zina mababu.

Walileta nini? Kwanza kabisa nguo za pamba zisizotiwa rangi, kutoka viwanda vya Lowell na baadaye kutoka Salem penyewe, ambako kampuni ya Naumkeag Steam Cotton ilianzishwa mwaka 1839. Watu wa Pwani waliipenda kwa sababu ilikuwa nzito na haichakai upesi, wakaiita merikani. Ikapanda mitumbwi na majahazi, ikavuka Bagamoyo, ikabebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji. Huko bara ilikuwa ndiyo pesa. Ukipita kwenye nchi ya chifu unalipa hongo kwa merikani, ukinunua chakula unalipa merikani, mpagazi naye analipwa merikani. Ilipimwa kwa mikono: mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti. Unapomnunulia mama doti ya khanga leo, unatumia kipimo kile kile.

Walichukua nini? Pembe za ndovu, ngozi, karafuu, na sandarusi. Pembe nyingi ziliishia jimbo la Connecticut kutengenezewa vitufe vya piano. Sandarusi, ule utomvu mgumu uliokuwa ukichimbwa ardhini kwenye mwambao wa Mrima, ulipelekwa Salem. Huko Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuusafisha, kisha ukawa vanishi ya kung'arishia makabati na mabehewa ya Wamarekani.

Pesa ya biashara hii bado inaonekana mjini. Kapteni John Bertram, aliyetajirika kwenye njia hii ya Zanzibar na kwingineko, ndiye aliyeanzisha hospitali ya Salem mwaka 1873. Alipokufa mwaka 1882, warithi wake waliitoa nyumba yake kwa mji, na tangu 1889 ndiyo maktaba ya umma. Kijana wa Salem anayeazima kitabu leo anakaa ndani ya nyumba ambayo sehemu ya matofali yake ni sandarusi na pembe zetu.

Mwisho wa biashara ulikuja haraka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba, bei ya merikani ikapaa, na nguo za Uingereza na India zikachukua soko. Mwaka 1870 meli iitwayo Glide ilitia nanga Salem ikitoka Zanzibar, ikawa ya mwisho. Jina la kitambaa tu ndilo lililobaki, midomoni mwa kina bibi.

WATU MASHUHURI WA SALEM

Sarah Parker Remond (1826-1894). Kwangu mimi huyu ndiye namba moja. Binti Mweusi, mzaliwa wa Salem. Baba yake, John Remond, alitoka kisiwa cha Curaçao akiwa mtoto, akawa mpishi mkuu wa karamu za matajiri wa mji. Mwaka 1835 Sarah alifukuzwa shule kwa sababu ya rangi yake, familia ikahama kwa miaka kadhaa. Mwaka 1853 aliondolewa kwa nguvu kwenye ukumbi wa maonyesho Boston kwa kukataa kukaa sehemu ya Weusi. Akafungua kesi na akashinda dola 500. Mwaka 1859 alikuwa Uingereza akihutubia dhidi ya utumwa, na pale Manchester, mji wa viwanda vya nguo, aliwaambia watu wazi kwamba pamba yao inalimwa na watumwa wasiolipwa kitu. Baadaye alisomea udaktari Florence, akafia Roma. Kaka yake Charles Lenox Remond (1810-1873) alikuwa mmoja wa Weusi wa kwanza kuajiriwa kuhutubia dhidi ya utumwa. Mwaka 1844, baada ya harakati za familia hii na wenzao, shule za Salem ziliacha kutenganisha watoto.

Charlotte Forten (1837-1914). Alitoka Philadelphia kuja kusoma Salem, akaishi kwa kina Remond. Mwaka 1856 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha ualimu cha pale, akafundisha mjini, na wakati wa vita akaenda Kusini kufundisha watu waliotoka utumwani.

Nathaniel Bowditch (1773-1838). Aliacha shule na miaka 10 kwa umaskini. Akajisomea hesabu na Kilatini mwenyewe. Alikuta makosa maelfu katika kitabu walichotegemea mabaharia, akaandika chake mwaka 1802, na mpaka leo serikali ya Marekani inaendelea kukichapisha kwa matoleo mapya. Wewe uliyeishia la saba, usikate tamaa.

Nathaniel Hawthorne (1804-1864). Mwandishi wa riwaya. Babu yake wa kale, John Hathorne, alikuwa mmoja wa majaji wa 1692 na hakuomba radhi kamwe. Mjukuu aliongeza herufi w kwenye jina la ukoo, na wengi huamini alitaka kujitenga na babu. Alifanya kazi forodhani Salem kuanzia 1846, akafukuzwa mwaka 1849 siasa zilipobadilika, akaenda nyumbani kuandika The Scarlet Letter, iliyotoka 1850 na kumpa jina. Kufukuzwa kazi nako kuna kheri yake.

Alexander Graham Bell (1847-1922). Hakuzaliwa Salem, lakini aliishi pale miaka ya 1870 akimfundisha mtoto kiziwi, na baba wa mtoto huyo akamfadhili utafiti wake. Tarehe 12 Februari 1877 alionyesha simu mbele ya watu katika ukumbi wa Lyceum wa Salem, akiongea na msaidizi wake aliyekuwa Boston.

George Parker (1866-1952). Alianza kuuza mchezo wake wa kwanza mwaka 1883 akiwa na miaka 16. Kampuni yake ya Salem, Parker Brothers, ndiyo iliyoisambaza Monopoly kuanzia 1935.

MOTO NA BAADAYE

Tarehe 25 Juni 1914 moto ulianza kwenye kiwanda cha ngozi ukateketeza majengo 1,376, pamoja na kile kiwanda cha nguo cha Naumkeag. Maelfu ya watu walilala nje, wengi wao wahamiaji wafanyakazi. Kiwanda kilijengwa upya, kikadumu mpaka miaka ya 1950 kazi ilipohamia Kusini. Tangu hapo mji umeishi kwa utalii, chuo kikuu na watu wanaokwenda kazini Boston kila asubuhi.

LA KUMALIZIA

Sasa rudi kwenye kitambaa cha bibi. Pamba ililimwa na watumwa Weusi wa Kusini mwa Marekani. Ikafumwa kaskazini na wasichana wa viwandani. Ikapakiwa na mabaharia wa Salem, mji ambao ulikuwa na wapinga utumwa hodari kina Remond. Ikauzwa Zanzibar, ambako karafuu zililimwa na watumwa wengine, na ikalipia misafara ya pembe kule bara. Waters mwenyewe aliuchukia utumwa, na bado alirudi kwao tajiri. Mtu mmoja anaweza kuyabeba yote mawili. Sarah aliweza kuiona kamba nzima kwa sababu yeye na watu wake ndio waliofungwa nayo.

Bibi hakuwahi kulisikia jina la Salem. Alipofariki tulimkata sanda nyeupe, na shangazi aliyekuwa anapima akasema kama tulivyozoea: "Leteni merikani."

Haya wadau, wenye bibi na babu wanaokumbuka merikani, kaniki, au habari za sandarusi kule Mrima, waulizeni wakiwa hai. Kisha mje mtuambie hapa chini. Na mwenye kusahihisha asahihishe bila matusi.